Kabla ya Mapazia na Makochi, Uliza Maji Yanafika Saa Ngapi



Mmezoea tukija tunakuja na mambo ya nguo: lesi ipi inakaa vizuri, shela la urefu gani linamfaa mfupi, juba la walima lishonwe vipi lisibane. Leo tumekuja na maji. Tena tumekuja na programu ya kompyuta inayohesabu maji yaliyomo ndani ya mabomba ya mji. Msituache njiani. Tukifika mwisho mtaona kuwa jambo hili linamhusu bibi harusi kuliko hata fundi bomba.

Kwa wasiotujua, sisi ni ndugu wawili, wazaliwa wa Unguja, wote tuna miaka thelathini na ushei. Tulimaliza kidato cha nne, tukasomea ushonaji, kisha Mwenyezi Mungu akatuandikia ndoa za bara. Mmoja yuko Mikumi, mwengine yuko Kilosa mjini, wilaya ni hiyohiyo moja ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Biashara yetu ni moja yenye meza mbili: Mikumi tunakata na kushona, Kilosa tunapokea oda na kumalizia shanga na pindo. Tunaposema "sisi" ni sisi wawili, pamoja na wasichana wanne tunaofanya nao kazi.

Mikumi wengi wenu mnaijua kwa tembo. Hifadhi yake ilianzishwa 1964, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa inaikata katikati. Mji wenyewe unaukuta ukishavuka hifadhi: maduka, gereji, nyumba za wageni, malori yaliyolala, na mitaa inayopanda vilimani. Kilosa ni mji wa reli na wa mto Mkondoa. Maji ya Mkondoa huteremka yakaingia mto Wami, na Wami humwaga baharini upande wa Saadani, ng'ambo ya bahari kutoka kwetu Unguja. Kwa hiyo hata tukiwa mbali, maji ya huku yanaelekea nyumbani.

Nyumba ya mlimani

Kabla ya Ramadhani iliyopita tulipata nyumba ya kukodi hapo Mikumi. Vyumba vinne, baraza pana la kuweka charahani sita, uwani pana pa kuanikia, na kodi yake nafuu kuliko tuliyokuwa tukilipa kule chini barabarani. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, na alitupa wiki moja tu ya kufikiri. Chumba kimoja tulikuwa tumempangia wifi yetu mdogo, ambaye ni mmoja wa mafundi wetu. Harusi yake ilikuwa Shawwal, na mumewe alikubali waanzie maisha hapo.

Kila kitu kilikuwa kizuri isipokuwa mfereji. Huku bara wanauita bomba. Sisi ulimi wetu umekataa, kwetu kinachotoka maji ni mfereji. Mfereji wa nyumba ile ulikuwa mkavu mchana kutwa.

Na sisi bila maji hatushoni. Kitambaa cha pamba tunakiloweka kabla ya kukikata, la sivyo gauni litakuja kumbana mwenyewe baada ya kufua mara ya kwanza. Mashela ya kukodisha yanafuliwa kila yanaporudi, na mengine yanarudi na hina, wanja na mchuzi wa pilau. Pasi za mvuke zinakunywa maji. Wanawake sita tunatawadha, tunapika, tunaoga. Tulihesabu siku ya msimu wa harusi tukapata ndoo 25 za lita 20 kwa kazi ya nguo peke yake, yaani lita 500, kabla hujagusa chungu jikoni.

Shemeji yetu alikuwa na jibu rahisi. "Nunueni pampu, ifungeni kwenye bomba la mtaani, ivute. Wangapi wanafanya hivyo." Pesa ya pampu tulikuwa nayo. Tulikuwa tumeshauliza hadi bei ya waya.

Lakini wiki ile nyumbani kwetu alikuwepo mwana wa dada yetu mkubwa, kijana anayesomea uhandisi wa maji, amekuja mapumziko na laptopu yake. Alisikiliza mazungumzo yetu, akasema, "Mama wadogo, msinunue bado. Nyinyi hamkati kitambaa bila mchoro wa karatasi. Hebu na mimi nikuchoreeni mtaa wenu kwanza."

Mchoro wa karatasi wa maji

Programu aliyoifungua inaitwa EPANET. Imetengenezwa na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, na mhandisi anayetajwa sana kwa kazi hiyo ni Lewis Rossman. Ilitoka mara ya kwanza 1993, toleo la pili likaja 2000, na toleo la 2.2 likafuata 2020. Inatolewa bure, mtu yeyote anaichukua. Zipo za kulipia pia, kama WaterGEMS, ambazo zina mapambo mengi zaidi, lakini alituambia hesabu ya msingi ni ileile.

Inavyofanya kazi, fundi cherehani yeyote ataielewa. Unachora mistari, kila mstari ni bomba, unauambia urefu wake, upana wake na ukwaruzo wake wa ndani. Pale mabomba yanapokutana, au nyumba inapochota, unaweka kifundo. Kila kifundo unakiambia mambo mawili: kiko juu kiasi gani, na kinachota maji kiasi gani kwa kila saa. Unaweka matangi, pampu na vali kama zipo. Kisha unabonyeza, na programu inakupa jibu la saa moja baada ya nyingine: kwenye kila bomba maji yanapita kiasi gani, kwenye kila kifundo msukumo umebaki kiasi gani, tangi limefika wapi. Inaweza hata kufuata klorini inavyopungua kadiri maji yanavyosafiri.

Kabla ya kompyuta hesabu hizi zilifanywa kwa mkono. Mwaka 1936 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois, Hardy Cross, alitoa njia ya kukisia maji yanavyogawana njia kwenye mabomba yaliyofungana kama wavu, kisha kusahihisha makisio yale, na kusahihisha tena, hadi yakae sawa. Tulipoelezwa tukacheka. Hiyo si ndiyo kazi ya kumpima bibi harusi mara tatu? Unabana hapa, kunalegea kule, unarudi tena.

Mambo mawili tuliyojifunza tunakupeni bure. La kwanza, upana wa bomba. Ukiongeza kipenyo mara mbili, kwa msukumo uleule maji yanayopita hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka kama mara sita. La pili, msuguano. Bomba lilelile likipitisha maji mara mbili, msukumo unaopotea njiani unakuwa zaidi ya mara tatu na nusu. Ndiyo maana saa ya watu wengi kuchota, maji hayapungui taratibu. Wa mwisho wa bomba wanakatikiwa ghafla.

Ndoo, saa na mpira wa leveli

Kijana wetu alisema programu haijui kitu ila ilichoambiwa. Kwa hiyo tukaenda kutafuta cha kuiambia.

Miinuko alipima na fundi wa kujenga, kwa ule mpira mwembamba wenye maji wanaosawazishia msingi. Walipanda hatua kwa hatua hadi wakapata kuwa nyumba ya mlimani iko mita 18 juu ya nyumba yetu ya barabarani. Msukumo alipima kwa kigeji alichokifunga kwenye mfereji wa chini. Saa nane usiku kilionyesha msukumo wa kupandisha maji mita 24. Saa kumi na moja jioni ulikuwa umebaki wa mita 11 tu.

Hapo hata asiyesoma uhandisi ameshajua. Jioni maji yana nguvu ya kupanda mita 11, nyumba iko mita 18. Yatafika kwa miguu ya nani?

Sisi kazi yetu ilikuwa ndoo. Siku nne tulikaa na saa ya simu, kwetu na kwa majirani waliotukubalia, tukapima ndoo ya lita 20 inajaa kwa muda gani, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Tuliwauliza wanawake wa mtaa wanachota saa ngapi, kwa sababu wanaume wengi hawajui, wao hukuta ndoo imeshajaa. Bomba linalopanda kile kilima ni la inchi moja na nusu, na nyumba zinazolitegemea tulizihesabu 14.

Hapo ndipo elimu yetu ilipomsaidia msomi wetu. Mfano aliokuwa nao kutoka chuoni ulionyesha watu wakianza kuchota kwa wingi saa moja asubuhi. Tukamwambia, mwanetu, mtaa huu unaamka kabla ya adhana ya Alfajiri. Ijumaa watu wanaoga kabla ya saa sita. Ramadhani ndiyo usiseme: kuna daku, na kuna lile saa moja kabla ya futari, kila jiko linaosha, linaloweka, linapika kwa pamoja. Siku ya harusi nyumba moja inachota maji ya nyumba sita. Akafuta safu yake ya tarakimu, akaandika yetu.

Jibu la kwanza lilikuwa zuri mno

Aliporusha hesabu mara ya kwanza, programu ilisema nyumba ya mlimani inapata maji yake yote jioni. Sisi tuliruka kwa furaha. Yeye akatikisa kichwa, akatuonyesha tarakimu ya msukumo: hasi 9.

Akatufafanulia. Kwa desturi yake ya zamani programu hii inadhani kila nyumba itapata inachotaka, halafu inahesabu msukumo unaobaki. Ikiona hasi inatoa onyo, lakini maji imeshayagawa kwenye karatasi. Ni kama kuandika kwenye daftari kwamba gauni limetosha, wakati zipu haifungi. Toleo la 2.2 lilileta njia nyengine: nyumba inapewa maji kulingana na msukumo uliofika. Msukumo mdogo, maji madogo, msukumo hakuna, maji hakuna. Akabadili, akarusha tena. Sasa ikatoka picha tunayoijua: jioni nyumba ya juu sifuri, usiku wa manane maji yapo. Akalinganisha na ndoo zetu, yakakaribiana.

Alituonya pia kuwa programu inachukulia mabomba yamejaa muda wote. Mji unaopata maji kwa zamu, bomba likikauka na kujaa tena, hesabu inapungua ukweli. Na mchoro wake ni wa mtaa mmoja, umefanywa na mwanafunzi, si mchoro wa mamlaka. Tulipenda ukweli wake huo.

Pampu ilipoonja kwa jirani

Siku ya tano tukamwambia, sasa tuwekee pampu ya shemeji.

Akaiweka kwenye mchoro, pale kwenye nyumba ya mlimani, saa kumi na moja jioni. Nyumba yetu ikapata maji, alhamdulillah. Kisha akatuambia tuangalie kifundo kilicho katikati ya kilima, mita nane juu ya barabara. Kabla ya pampu kilikuwa na msukumo mdogo wa mita tatu hivi, mfereji unatoka wembamba lakini unatoka. Baada ya pampu, sifuri.

Kifundo kile tunakijua. Ni nyumba ya bibi mmoja mjane anayeamka saa tisa usiku kukanda maandazi, na jioni ndiyo huchota maji ya kukandia. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuletea uji tulipohamia Mikumi. Hapigi kelele. Angekaa kimya akanunua maji ya madumu, nasi tungekuwa juu tunafua mashela.

Tulinyamaza wote. Hata shemeji alinyamaza, akasema, "Kumbe haitengenezi maji, inayahamisha tu."

Neno lake hilo ndilo tunalotaka mlichukue. Pampu inayovuta moja kwa moja kutoka bomba la mtaa haiongezi hata tone. Inachukua la mwenzio. Na kuna ubaya mwengine usioonekana: msukumo ukishuka hadi bomba likaanza kunyonya, kila ufa ulioko ardhini unageuka mdomo, unanyonya maji machafu yaliyoko pembeni, na sisi wengi mashimo ya vyoo yetu hayako mbali na mabomba. Ndiyo maana mamlaka za maji sehemu nyingi duniani zinakataza pampu za namna hiyo. Mvutaji anadhani amejisaidia, kumbe na yeye anakunywa.

Tukamuuliza, je, kuna njia ya kuishi kule juu bila kumdhulumu mtu? Akarusha hesabu za usiku. Saa nane usiku msukumo wa chini ni mita 24. Toa kilima mita 18, toa msuguano wa njiani, inabaki kama mita nne. Hiyo haitoshi kujaza tangi lililopandishwa juu ya mnara wa mita tatu, kwa sababu mdomo wa tangi uko juu zaidi. Lakini inatosha kujaza tangi la lita 2,000 lililokaa chini uwani, kwa lita 20 kwa dakika, muda wa saa moja na dakika arobaini. Na kifundo cha bibi wa maandazi saa hizo hakitikisiki.

Tukalipa kodi. Pesa ya pampu ya kuvuta tukanunua tangi na vali ya boya inayofunga yenyewe likijaa. Ndani ya uwa tumeweka pampu ndogo inayovuta kutoka tangi letu wenyewe, hiyo haimgusi mtu. Wifi yetu aliolewa Shawwal, akaingia nyumba yenye maji.

Mchoro tuliuchapisha kwenye karatasi, tukaupeleka kikao cha mtaa. Kijana wetu alikuwa ameshajaribu kuweka bomba la inchi tatu mahali pa inchi moja na nusu, na hali ya jioni ikawa nafuu kwa nyumba za katikati, ingawa kwa nyumba ya juu kabisa kilima bado ni kilima. Wataalamu wa maji waliokuja waliuangalia kwa makini, wakasema watapima wenyewe kwa vifaa vyao. Tunasubiri, na tunaomba kheri. Lakini kikao kile kilikuwa cha kwanza ambacho wanawake hatukwenda kulalamika tu "maji hakuna". Tulikwenda na saa, na mita, na lita.

Na maji yanayotoka je?

Wa Kilosa asije akaona tumemsahau. Kule shida haikuwa maji ya kuingia, ilikuwa ya kutoka. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulivunja kingo, watu wengi wakakosa makazi na reli ikakatika. Wakwe zetu wanasimulia hadi leo, na kila wingu likijikusanya milimani macho yanaelekea mtoni.

Kwa mitaro na majitaka kuna programu nyengine ya shirika lilelile la Marekani, inaitwa SWMM, imeanza tangu 1971, nayo ni bure. Tofauti yake na EPANET ni kubwa. Maji safi husukumwa, bomba limejaa. Majitaka na maji ya mvua huteremka kwa mwinamo, bomba au mtaro ukiwa nusu tu. Kwa hiyo SWMM inauliza maswali mengine: mvua kiasi gani, imenyesha kwa muda gani, ardhi imeinama kiasi gani, na sehemu gani imefunikwa na bati na saruji na sehemu gani bado ni udongo unaokunywa. Kila tunapotia saruji uwani pote pendeze, yale maji yaliyokuwa yakizama tunayatuma kwa jirani wa chini. Mto mkubwa ukivunja kingo hesabu yake ni nyengine tena, na wahandisi wana programu za mito, kama HEC-RAS ya jeshi la wahandisi la Marekani.

Mtaani kwetu hakuna bomba la majitaka, kila nyumba ina shimo lake, tofauti na sehemu za miji kama Dar es Salaam, Moshi na Iringa. Kwa hiyo tunachoweza ni kidogo, na hicho tunakifanya. Mabaki ya vitambaa hatuyatupi nje hata uzi. Tunayafunga magunia na kuwauzia wajazaji mito, kwa sababu kipande cha satini kikishika kwenye mtaro, kila taka inayopita inakishikilia. Na magauni ya harusi ya watu hayakai rafu ya chini msimu wa masika.

Jambo hili lina wenyewe

Dada zetu, dini yetu haikuacha maji pembeni. Tumefundishwa kuwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni kama viganja viwili vilivyojaa, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Tumefundishwa kuwa Sayyidna Uthman, radhiya Allahu anhu, alikinunua kisima cha Ruma kule Madina akakiacha wakfu kwa Waislamu. Na kwetu Unguja, Sayyid Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 anakumbukwa kwa mengi, lakini wazee wanapomtaja kwa dua huwa ni kwa maji ya mfereji aliyoyaleta mjini kutoka chemchemi za nje.

Sisi hatuna uwezo wa kununua kisima. Lakini kutomkatia jirani maji ni sadaka isiyohitaji mtaji.

Basi bibi harusi, unapoonyeshwa nyumba, usiishie kwenye mapazia na rangi ya makochi. Uliza haya, wewe au somo yako akuulizie:

Maji yanafika saa ngapi, na yanakatika saa ngapi? Nenda jioni ufungue mfereji mwenyewe, usiende asubuhi peke yake.

Ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika ngapi?

Nyumba iko juu au chini ya mtaa, na ni ya ngapi kwenye bomba?

Kama kuna tangi, linajaa kwa nguvu ya maji yenyewe, au kuna pampu inayovuta mtaani?

Shimo la choo liko wapi, na bomba la maji linapita wapi?

Mvua ikinyesha, maji yanakwenda kwa nani?

Na mkishaulizana mambo ya vyombo, usione haya kusema badala ya kabati la tatu tuleteeni tangi. Mabibi harusi wawili wa msimu huu tumewashauri hivyo, wamekubaliwa, na mashangazi waliocheka ukumbini ndio wanaokuja kuchota.

Vijana wetu wanaosoma uhandisi nao tunawaomba: mkirudi likizo msikae na simu tu. Fungueni hizo programu, chukueni ndoo, wapigieni mama zenu mchoro wa mtaa. Sisi saa tutazishika.

Mwenyezi Mungu atupe maji ya kheri, yasiyotufika kwa kumkausha mwengine, na awajaalie maharusi wetu nyumba zenye utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.